Usingizi wa Shangazi wa Wodi ya Watoto

Katika hospitali ile walikuwamo watu wawili waliolipwa mshahara kwa ajili ya usingizi. Wa kwanza alikuwa daktari wa usingizi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwalaza watu kabla ya kupasuliwa, na cheti chake kilitundikwa ukutani ndani ya kioo. Wa pili alikuwa Shangazi. Yeye alilala mwenyewe. Hakuwa na cheti, ingawa kwa kipaji alimwacha daktari mbali sana.

Kwenye mkataba wake wa ajira aliandikwa Afisa wa Ushirikishwaji wa Watoto katika Utafiti na Sera, cheo ambacho hakuna aliyewahi kukitamka chote bila kuvuta pumzi katikati. Wauguzi walimwita yule wa sera. Katibu wa hospitali alimwita dada yetu, hasa pale alipokuwa hataki kumsikiliza. Watoto wa wodi walimwita Shangazi Usingizi alipokuwa hayupo, na Shangazi tu alipokuwapo. Kwa hilo peke yake walikuwa wameshajifunza siri kubwa ya utawala, kwamba kinachosemwa kikaoni si lazima kifanane na kinachosemwa koridoni.

Cheo chenyewe kilizaliwa siku uongozi ulipokata shauri kwamba kuanzia sasa hakuna jambo la watoto litakaloamuliwa bila watoto wenyewe kusikilizwa. Uamuzi huo ulipita kwa kauli moja, katika kikao ambacho hakikuwa na mtoto hata mmoja, na kila mtu akaenda kunywa chai moyo wake ukiwa mweupe.

Shangazi alizaliwa na usingizi kama wengine wanavyozaliwa na sauti ya kuimba. Mama yake alishikilia mpaka uzeeni kwamba siku ile hakulia. Alipiga mwayo, akaangalia huku na huku, akaona hakuna la kumharakisha. Akiwa msichana alisinzia amesimama kwenye foleni ya maji, na foleni ikamsogeza mbele taratibu bila kumwamsha. Siku ya harusi yake aliuchapa usingizi kitini, mgongo wima, tabasamu mahali pake, na picha zikatoka nzuri kuliko za wote waliokuwa macho. Kabla ya hospitali alifundisha chekechea miaka mingi, na huko kipaji kilihesabiwa kuwa ujuzi, kwa sababu saa ya mapumziko ikifika hakuna mwalimu aliyewalaza watoto upesi kama yeye. Aliwaonyesha kwa vitendo.

Mumewe alikuwa fundi cherehani aliyefanya kazi sebuleni, na alimwoa akijua. Mlio wa cherehani ulimlaza mkewe kila siku ya mapumziko, kitambaa kikimwagika kutoka mezani hadi miguuni pake kama maji yasiyolowesha. Cherehani ikikwaruza, mke hufumbua macho. "Wenzangu wanaita fundi wa mashine," alipenda kuwaambia wateja. "Mimi namwangalia mama watoto. Akiamka, natia mafuta."

Kabla ya Shangazi, hospitali ilikuwa imewasikiliza watoto mara moja. Waliulizwa wanampenda mnyama gani. Wengi walisema simba, wachache twiga, na mmoja alimtaja paka wa kwao, ambaye hakuingia kwenye uchambuzi. Ripoti ikahitimisha kwamba watoto wanahitaji wanyama. Mchoraji akaletwa, na kwa bahati mbaya alikuwa mchoraji hodari. Simba aliyemweka kwenye ukuta wa wodi alikuwa na meno yake yote, na macho yaliyokufuata popote ulipokimbilia, hata chini ya shuka. Mtoto wa kitanda kilichomkabili, kivulana waliyemwita Kifungo kwa sababu alikuwa amekimeza kimoja, alihamishia mto wake upande wa miguu, akawa analala kinyume na dunia nzima. Katibu alipopita akamwona, alisema watoto wana ubunifu wa ajabu.

Shangazi naye alianza kwa kukosea, kama ilivyo desturi. Alivuta kiti karibu na kitanda, akainama, akauliza kwa sauti ya upole, ile ambayo watoto wote wanajua kwamba huja kabla ya sindano: ungependa nini kibadilike hapa? Wakamjibu kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomjibu mtu mzima mwenye kalamu. Hakuna. Kila kitu kizuri. Mmoja alisema shikamoo.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka alasiri moja, saa ya mapumziko, wauguzi walipofunga mapazia. Mapazia yenyewe yalikuwa ya kijani, yaliyofuliwa mpaka yakasahau rangi yao, na jua lilipopita humo wodi nzima iligeuka kama chini ya ziwa. Vitanda vilielea. Dripu zilidondosha matone yao bila haraka. Juu kabisa feni ilizunguka kivivu kama pezi la samaki mkubwa ambaye hana miadi na mtu. Shangazi alikuwa amesimama kando ya kitanda kitupu, karatasi mkononi. Akakaa ukingoni kidogo, akaegemea mto ili afikiri vizuri, na maji yakamfunika.

Aliporudi hakuwa na uhakika kama amerudi. Sauti ndogondogo zilimpitia juu, kama za watu wanaoongea kando ya kisima naye yumo ndani yake.

"Amekufa?"

"Hajakufa. Maiti haikoromi."

"Babu yangu alikoroma, halafu akafa."

"Hiyo ni tofauti. Huyo alianza na kukoroma."

Heshima ya kazi ilimtaka afumbue macho. Aibu ilimtaka asubiri kwanza wamsahau, ndipo ainuke kama mtu aliyekuwa akikagua godoro. Aibu ikashinda. Watoto nao wakamsahau upesi, wakarudi kwenye mazungumzo yao, ambayo inaonekana yalifanyika kila siku saa ile ile, kwa utaratibu ambao kamati ya hospitali ingeuonea wivu.

Aliyeongoza alikuwa msichana wa kitanda cha dirishani. Mguu wake ulivunjika zamani ukaunga vibaya, na madaktari walikuwa wakiunyoosha kwa awamu, kama barabara ya serikali. Ndiye aliyekuwa mkongwe wa wodi. Wenzake walimwita Mwenyekiti, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa ruhusa ya kusema, na kwa kuwa kiti cha magurudumu kilikuwa chake. Jina lilitosha kwa yote mawili.

Siku hiyo Kifungo alitoa taarifa kwamba simba amesogea tena, si sana, kiasi cha kucha. Taarifa ikapokelewa bila mabishano. Akafuata msichana mwenye bandeji mkononi, ambaye alitaka kuzungumzia sindano.

"Nesi akisema haiumi," alisema, "mimi naanza kulia pale pale. Nisije nikachelewa."

Wote wakakubali kwamba hilo ndilo neno baya kuliko yote hospitalini. Kama angesema itauma, kisha itaisha, mtu angejipanga. Lakini haiumi ilikuwa na maana mbili tu: ama nesi haijui sindano, ama hakujui wewe, na yote yalikuwa ya kutia wasiwasi. Ndipo Mwenyekiti akasema lake.

"Pale kwenye mstari mwekundu mama anabaki," alisema. "Mimi naingia na watu wa macho tu."

Hakuna aliyeuliza ni watu gani. Mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji palikuwa na mstari uliopakwa sakafuni, na ndugu wa mgonjwa hakuuvuka. Ng'ambo yake walikuwapo wenye kofia na barakoa, waliobakiwa na macho peke yake.

"Sasa ukilala unamtazama mtu, unaingia kwenye ndoto yake," Mwenyekiti akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. "Ukimtazama mama, unaingia ya mama. Mimi mara ile nilimtazama yule anayelaza. Nikaingia yake. Nikakuta hamna watu. Vyumba tu, na milango. Nikatembea mpaka nikachoka."

Kifungo aliuliza kama kulikuwa na simba.

"Hata simba hamna."

Inaelekea kwamba hata kwa Kifungo hilo lilikuwa baya zaidi. Msichana wa bandeji aliuliza atarudishwa lini huko, na Mwenyekiti akajibu kwamba ni wiki ijayo, na kwamba safari hii anaogopa milango isije ikawa imefungwa.

Nyuma ya kope zake, yule aliyekuwa akijifanya amelala alijikuta yu macho kuliko alivyowahi kuwa maishani. Alikuwa amezoea watoto kutaka vitu: mpira, televisheni, juisi. Huyu hakutaka kitu. Alitaka mama yake avuke mstari, akae mahali pa kutazamika mpaka yeye alale. Tangu alasiri ile Shangazi naye hakutaka kingine, na wiki ijayo ilikuwa karibu.

Kesho yake alilala tena wodini, na siku iliyofuata. Sasa ilikuwa kazi, na kama kazi yoyote ikawa ngumu. Aliyelala bila kukusudia hana la kufanya. Anayejifanya ana mengi: kope zisicheze, mate yamezwe kwa siri, mkono mmoja uning'inie, lakini usining'inie mno. Mumewe alipoelezwa alisimamisha cherehani kwa mshangao. Kumbe, alisema, wanakulipa kwa jambo ulilonifanyia bure miaka yote hii.

Kilichomkwamisha kilikuwa kanuni, na kanuni aliiandika mwenyewe, tena akiwa macho. Ilisema neno la mtoto lisipelekwe popote kabla mtoto hajaelezwa linakwenda wapi, naye akakubali kwa hiari yake. Kamati iliipenda mno, ikaibandika mlangoni. Sasa Shangazi alikuwa na maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuyasikia katika jengo lile, na yote aliyaokota akiwa amefumba macho, kama mtoto anayedokoa sukari akiamini kwamba asipoiona, naye haonekani. Akiyapeleka kwenye kamati bila kuwauliza wenyewe, atakuwa nesi wa haiumi. Akiwauliza, watajua kwamba aliwasikiliza kwa hila, watafunga midomo yao moja kwa moja, na Mwenyekiti ataingia tena kwenye vyumba visivyo na watu.

Alilizungusha jambo hilo jioni nzima huku fundi akipindua ukosi wa shati. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, uzi ukiwa mdomoni, kisha akautoa.

"Si uwaulize?" alisema. "Kwani wamehama?"

Basi saa ya mapumziko ilipofika Shangazi hakulala. Alikaa kwenye kitanda kitupu, miguu sakafuni, akaomba ruhusa ya kusema, na Mwenyekiti akampa. Akaeleza kwamba siku ya kwanza alipitiwa kweli, lakini siku zilizofuata alikuwa macho, akiwasikia, na kwamba hilo halikuwa sawa. Sauti ilimtoka nyembamba. Alikuwa amehutubia mawaziri bila kutetemeka namna ile, ingawa ni kweli kwamba mawaziri walikuwa wakitazama simu zao.

Watoto walitazamana. Ulikuwa mtazamano wa wenyeji ambao mgeni amewapasulia habari waliyokwisha kuila na kuisahau.

"Shangazi," Mwenyekiti alisema kwa upole, "sisi tunajua."

Akauliza wamejua tangu lini.

"Ukilala kweli unakoroma. Ukijifanya unapumua vizuri."

"Na tukimsema katibu, mdomo unakucheza," Kifungo akaongeza.

Ikabidi Shangazi ashike ukingo wa kitanda. Utafiti wake wote wa siri ulikuwa, kumbe, umeidhinishwa na kusimamiwa na watafitiwa. Akauliza kwa nini basi waliendelea kuongea.

Mwenyekiti aliona swali lenyewe ni la ajabu. "Wewe ulitaka kusikia, na sisi tulitaka kusema," alisema. "Ila mtu mzima akikukodolea macho, maneno yanakimbia. Unabaki na shikamoo."

Alipowaomba ruhusa ya kuyapeleka maneno yao juu, kwenye kamati, waliteta kwa muda. Msichana wa bandeji alikuwa tayari. Kifungo alitaka kuhakikishiwa kwamba maneno yake hayatatiwa chumvi, kwa sababu simba amesogea kiasi cha kucha na si zaidi. Mwenyekiti ndiye aliyekataa. Alisema Shangazi ni mtu mzuri, lakini atayasema kwa lugha yao kubwa, na yakifika huko yatakuwa yameshavaa suti. Afadhali wanakamati waje wenyewe. Na wafumbe macho.

Kumshawishi katibu kulichukua asubuhi nzima na vikombe kadhaa vya chai. Alisema kamati haijawahi kukaa wodini, na kwamba dada yetu anajua jinsi anavyowapenda watoto, lakini itifaki ni itifaki. Kisha akakumbuka kwamba alikuwa na habari njema ya rangi mpya na twiga, na akaona si vibaya kuitangaza mbele ya walengwa. Nesi mkuu alikubali ili amwangalie katibu. Daktari wa usingizi alikuja bila kusema lolote, barakoa ikiwa usoni, maana alikuwa ametoka kazini na angerudi huko huko.

Wakapewa viti vya watoto. Katibu, mtu wa kitambi cha heshima, alishuka polepole kama lifti, magoti yakamfika kidevuni. Alikohoa ili afungue kikao.

"Fumbeni kwanza," alisema Mwenyekiti.

Wakafumba. Kifungo alikuwa amekabidhiwa kazi ya kukagua macho, na aliifanya bila upendeleo. Alisimama mbele ya katibu, akamchungulia kwa karibu.

"Baba, bado unaiba," alisema.

Katibu akafumba kabisa. Mapazia yakapumua. Ule mwanga wa ziwani ukashuka juu ya wakubwa, juu ya vipara na kofia za unesi na mikono iliyokunjwa mapajani, na kwa namna fulani wakaanza kufanana na watoto waliochelewa kuchukuliwa shuleni. Msichana wa bandeji akasema la sindano. Kifungo akasema la simba, kwa kipimo sahihi. Kisha Mwenyekiti akasimulia vyumba vyake.

Alisimulia vile vile, bila kuongeza. Lakini maneno yanayoingia kwa mtu aliyefumba macho hayana pa kwenda ila ndani, na kila mmoja wao, kwenye giza lake, akajikuta anasukuma mlango, kisha mwingine. Nesi mkuu alisogeza mguu kana kwamba anapanda ngazi. Katibu ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Mkoromo wake ulianza chini, ukapanda, ukatulia, na watoto wakaangaliana kwa furaha, kwa kuwa katika wodi ile huo ulikuwa ushahidi usiopingika kwamba mtu hajifanyi.

Mwenyekiti alipomaliza aliwaruhusu wafumbue. Daktari wa usingizi hakufumbua.

"Vyumba vilikuwa na rangi gani?" aliuliza.

"Havina rangi. Kama uko ndani ya maziwa."

Daktari alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa mtaa anaoujua. Akiwa bado amefumba, alieleza kwa nini mstari ulipakwa. Chumba kile kinafanywa kisafi kwa taabu sana. Mzazi akiingiwa na woga, mtoto huupata kupitia mkononi. Na mzazi akianguka, yeye anabaki na wagonjwa wawili na mikono ile ile. Hazikuwa sababu za kijinga, na Mwenyekiti hakuzichukulia hivyo. Alizipima moja baada ya nyingine.

"Mama anaoga," alisema. "Na mkimpa kiti hataanguka. Akianguka mwacheni tu, mimi nitakuwa nimeshalala."

Nesi mkuu akageuka kutazama dirishani, mabega yakimcheza. Kimya kilichofuata ndicho kilichomwamsha katibu, ambaye alisema papo hapo, kwa uzoefu wa miaka, kwamba suala hili ni zito na linahitaji kamati ndogo. Shangazi, ambaye muda wote alikuwa hajasema neno, alisema kwamba kamati ndogo imeshakaa, ndiyo hii iliyoko vitandani, na kwamba upasuaji ni wiki hii.

Daktari akafumbua macho. Kwa mtoto mmoja, alisema. Tuone. Mama avae kama sisi, akae kwenye kiti, na mtoto akishalala atoke bila kugeuka nyuma.

Shangazi alitaka kushukuru, lakini akaona uso wa Mwenyekiti haujalegea.

"Avae kama nyinyi," msichana alirudia. "Na barakoa?"

"Barakoa lazima."

Akafikiri. Wodi nzima ilingoja, kwa kuwa sasa jambo lingeweza kuvunjika kwa kipande cha kitambaa.

"Sawa," akasema mwishowe. "Macho ya mama nayajua. Ila ya kwako siyajui ni ya nani."

Daktari wa usingizi akapeleka mkono nyuma ya sikio na kuivua barakoa. Chini yake mlikuwa na pua ya kawaida, mwanya katika meno ya mbele, na mahali alipojikata asubuhi akinyoa. Watoto walimtazama kwa muda mrefu. Baadhi yao alikuwa amewalaza zaidi ya mara moja.

"Kumbe una mdomo," alisema Kifungo.

Katika taarifa ya kikao katibu aliandika kwamba hospitali imebuni utaratibu mpya. Habari ya twiga ilisahaulika. Mchoraji alirudishwa kwa kazi ndogo, akamfumba simba mdomo, na taarifa ikasema simba ameboreshwa. Kifungo alirudisha mto wake mahali pake, ingawa alipoulizwa alisema ni kwa majaribio.

Mama yake Mwenyekiti alikuwa mwanamke mkimya aliyefanya usafi katika ofisi za watu, na siku yenyewe alifika akiwa ameoga mpaka ngozi ikang'aa. Gauni la chumba cha upasuaji lilishonwa kwa ajili ya mwanamume mpana. Fundi alikuwa ameombwa alipunguze, na alilipunguza kwa mshono ambao hospitali ile haikuwahi kuuona. Kitanda cha magurudumu kilisukumwa hadi kwenye mstari mwekundu. Daktari wa usingizi alikuwa anangoja pale akiwa uso wazi. Alimwonyesha Mwenyekiti uso wake, pande zote mbili, kisha akaufunika. Mama akauvuka mstari kwa kunyanyua mguu juu kidogo kuliko ilivyohitajika, kama vile ulikuwa kamba. Milango ikafungwa.

Shangazi alibaki kwenye benchi. Lilikuwa benchi zuri, ukuta wa kuegemea ulikuwapo, feni inazunguka, koridoni hakuna mtu. Katika hali kama hiyo alikwishawahi kusinzia hata katikati ya sentensi yake mwenyewe. Usingizi haukuja. Alikaa macho makavu, akisikiliza mlango, akijiuliza kama hivi ndivyo watu wengine wanavyoishi siku zote.

Mama alitoka bila kugeuka nyuma. Hakuanguka. Alikaa benchini, akaishusha barakoa, akashika kingo za gauni kwa mikono yote miwili.

"Hakulia," alisema. "Alinitazama tu. Halafu akaniambia, mama, fikiria mahali pazuri, upesi, nakuja."

Shangazi akauliza alifikiria wapi.

"Nilichanganyikiwa, dada yangu. Sikupata pazuri. Nikafikiria jikoni kwetu."

Wakakaa. Mtu alipita akisukuma ndoo, mawimbi madogo yakapiga kingo zake, akaishia kwenye kona.

Mwenyekiti alirudishwa wodini alasiri, mapazia yakiwa yamefungwa, mguu wake mpya ukiwa umefungwa kitambaa cheupe kama mzigo wa safari. Watoto walilala vitandani wamemgeukia, kimya, macho wazi. Mama aliinama karibu. Ilichukua muda. Kope zilitikisika, zikafunguka nusu, na msichana akamtazama mama yake kama mtu aliyetoka mbali anayetaka kwanza kuhakikisha kwamba nyumba ni ile ile.

"Mama," alisema, ulimi mzito, "uliacha bomba linachuruzika."

Mama akaziba mdomo wake kwa kiganja.

"Nimelifunga," akasema msichana, akalala tena.

Feni ilizunguka, matone yakadondoka, na kutoka kwenye kitanda kitupu cha pembeni ukasikika mkoromo mrefu, usio na mpangilio, ambao wodi nzima ilijua kwamba ni wa kweli.